Ziara ya Hamburg kwa miguu na boti: chukueni kundi dogo, na ombeni mpelekwe kwenye tembo

Tangu tumerudi nimeulizwa sana na watu wa Mwanga na Ujiji hapa Kigoma, hasa wale wenye watoto au ndugu Ujerumani ambao wanajiandaa kwenda kuwasalimia, kwamba je, zile ziara za kutembezwa mji na kundi zina thamani ya ile hela au bora mtu azunguke mwenyewe na simu yake mkononi. Naandika yote hapa mara moja ili nisirudie kwa kila mtu. Jibu langu fupi ni kwamba ziara ni nzuri na mkilipia hamtajuta, ila chagueni ya kundi dogo, na kuna sehemu moja hawakupeleki mpaka uombe, ile yenye sanamu za tembo, nayo ndo sehemu inayotuhusu sisi kuliko zote.

Tulienda mi na Mama. Mama ana miaka 68 na goti la kulia linamsumbua, hilo mlikumbuke mnaposoma maana nusu ya maoni yangu yanatoka kwenye goti la Mama. Dada yangu ni nesi kule Hamburg na wiki tuliyofika alikuwa zamu za usiku, mchana analala, kwa hiyo akaona tusikae ndani kama tumefungiwa, akatukatia tiketi za ziara mbili. Ilikuwa mwezi wa tano, jua lipo lakini upepo unatoka mtoni una baridi kweli, Mama alivaa kitenge chake na juu koti la dada na bado alikuwa anajikunyata.

Ya kwanza ilikuwa basi la ghorofa lile lisilo na paa juu. Kampuni sitaitaja. Yuro 20 kwa kichwa, unapewa hedifoni unachomeka kwenye kiti unachagua lugha, na kwenye viti vyetu Kingereza kilikuwa kinakatika katika, unasikia "mwaka elfu moja mia nane na..." halafu kimya, jengo limeshapita. Nikamwambia dereva akaniambia nihamie kiti kingine, viti vingine vimejaa. Mama ndo kabisa, Kingereza chenyewe hasikii, nikawa namtafsiria vipande vipande ambavyo hata mi sikuvipata. Basi halisimami muda wa kutosha kuangalia kitu. Kwa mtu asiyeweza kutembea kabisa linaweza kumsaidia kuona mji ulivyokaa, maji yako wapi na makanisa yako wapi, lakini zaidi ya hapo hapana, hela hiyo kaleni samaki.

Ya pili ndo iliyonifanya niandike. Kutembea kwa miguu kama masaa matatu halafu saa nzima ya boti bandarini, yuro 38 kwa mtu mmoja vyote pamoja. Tulikuwa watu 14 tu. Mnakutana mbele ya Rathaus, yaani jumba la serikali ya mji, saa nne asubuhi, na nikisema saa nne ni saa nne, saa nne na dakika tano tulishaondoka na kuna wawili walikuja wanakimbia nyuma yetu. Aliyetuongoza ni dada wa makamo, ana mwavuli mwekundu anaunyanyua juu tusipotee, na kitu cha kwanza alichotufundisha ni salamu yao, "Moin", unaitumia asubuhi mchana na jioni, kwa mkubwa na kwa mdogo. Mama akaishika hiyo moja na akawa anaigawa kwa kila tunayepishana naye barabarani, na watu wote wanamjibu, ikamfurahisha sana.

Nilimwambia yule dada mapema kabla hatujaanza kwamba nina mzee na namtafsiria, na hapa nampa alama zote: tangu hapo akawa anaongea sentensi mbili tatu anasimama ananiangalia, nikimaliza kumwambia Mama ndo anaendelea. Hakuna aliyelalamika kwenye kundi. Na pia kila tulipofika mahali pa kusimama muda mrefu alianza kwa kumwonyesha Mama pa kukaa, ngazi au ukingo wa ukuta. Sijui kama wote wa kampuni ile wako hivyo ila huyu tulipata mtu. Kasi yake ya kutembea tu ndo ilikuwa kubwa, wenzetu kule wanatembea kama wamechelewa treni, ikabidi nimwambie mara mbili apunguze.

Rathaus lenyewe lilimalizika 1897, lina vyumba 647, na limesimama juu ya nguzo karibu 4,000 za mti wa mwaloni zilizopigwa chini ardhini kwa sababu kule chini ni tope tupu. Sawa, ni zuri, limenakshiwa kila kona. Ila nendeni uani kwa nyuma, kuna chemchemi ya maji ina sanamu ya mwanamke amesimama juu amelikanyaga joka, na watu wengi wanapiga picha wanaondoka bila kujua ni nini. Ni kumbukumbu ya kipindupindu cha 1892. Yule mwanamke ni Hygieia, mungu wa kike wa afya kwenye imani za kale za Wagiriki, na lile joka ndo ugonjwa. Yule dada akatueleza kwamba Hamburg enzi hizo ulikuwa mji wa matajiri, bandari kubwa, lakini maji ya bomba yalikuwa yanatolewa mtoni Elbe yanapelekwa majumbani bila kuchujwa, na jirani yao kabisa Altona, mji wakati ule ulikuwa wa peke yake kiutawala lakini mtaa unagusana na mtaa, wao walikuwa wanayachuja kwenye mchanga. Kipindupindu kilipoingia, Hamburg walikufa zaidi ya watu 8,600 ndani ya wiki chache tu, na Altona wakanusurika kwa sehemu kubwa. Kuna barabara upande huu watu wanazikana na upande wa pili wapo salama, tofauti ni bomba tu. Mwaka uliofuata ndo mtambo wa kuchuja ukaanza kazi.

Nilipomtafsiria Mama hilo alinyamaza muda. Halafu akasema, "Kama Kagunga." Wale mliokuwepo Kigoma mwezi wa tano 2015 mnajua anasema nini. Ndugu zetu wa Burundi wamekimbia wamejaa kwenye kile kijiji kimebanwa kati ya mlima na ziwa, maji ya kunywa ni hayohayo ya ziwani, kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba ikawa inakwenda na kurudi inawabeba kuwaleta Kigoma, uwanja wa Lake Tanganyika ukageuka kambi. Mama alikuwa anapika uji mtaani na wenzake wanaupeleka. Nikamwelezea yule dada kwa kifupi na wenzetu wakasikiliza, na mzee mmoja wa kundi letu aliyekuwa daktari kabla hajastaafu akamuuliza Mama maswali mengi kuhusu yale maji na chumvi ya kunywesha wagonjwa, wakaongea kupitia kwangu mpaka tukavuka barabara. Hiyo ndo faida ya watu 14, kwenye basi lile jambo kama hili lisingetokea hata siku moja.

Mtakatifu Nikolai, kanisa lililobaki mnara tu, tulipita haraka ingawa lilitaka muda. Mnara una mita 147, liliungua kwanza la zamani kwenye moto mkubwa wa 1842, likajengwa hili, halafu mabomu ya mwezi wa saba 1943 yakaliacha gofu na wenyewe wameamua kuliacha hivohivo liwe kumbukumbu. Kuna lifti inapanda mpaka mita 76. Sisi hatukupanda, haimo kwenye tiketi.

Sasa nije kwenye tembo.

Kabla ya safari nilisoma soma kwamba Hamburg kuna jengo linaitwa Afrikahaus, lilijengwa 1899 kwa ajili ya kampuni ya Woermann, matajiri wa meli za kwenda Afrika. Liko mtaa wa Große Reichenstraße, si mbali na njia tunayopita, lakini kwenye orodha ya vituo vya ziara halikuwepo. Nikamfuata yule dada pembeni nikamwomba. Akasema halimo, ila ni dakika chache tu, akawauliza wenzetu kama wako tayari, wote wakakubali, tukaenda.

Mlangoni amesimama mtu mweusi wa shaba, mwenye silaha, mrefu, anaangalia mbele. Mama akamsogelea, akamtazama miguu, akamtazama uso, akaniuliza, "Huyu ni wa wapi?" Nikamuuliza yule dada. Akajibu kwamba anavyojua yeye hajawakilisha mtu wa sehemu yoyote maalumu, ni mchongaji tu alivyowaza Mwafrika wa vita. Mama akasema basi angalau wangemuuliza jina. Halafu unapita ndani uani, na kule nyuma kwenye mlango wa pili kuna tembo wawili, mmoja kila upande, wamekabiliana na watu wanaopita kwenda ofisini mpaka leo maana ni jengo la maofisi. Mkonga, masikio, na pembe zile. Mama akaweka mkono kwenye pembe ya mmoja wao akaushikilia pale.

Babu yake Mama upande wa mama yake ni Mnyamwezi wa Tabora. Alifika Ujiji na msafara akaoa akabaki. Kwetu imesimuliwa hivi tangu tuko wadogo: pembe moja kubwa mtu mmoja, begani, kengele imefungwa kwenye ncha, kutoka Ujiji mpaka Tabora, kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, miezi. Bega la yule babu lilikuwa na sugu ngumu ambayo Mama akiwa mtoto alikuwa anaigusa anadhani ni mfupa. Na hizo pembe zikitoka pwani zinavuka Unguja, na Unguja Wajerumani wa Hamburg walikuwa na maduka yao ya biashara kabla hata ya ukoloni, kina O'Swald walikuwepo tangu 1849, wanachukua pembe, karafuu, na zile simbi wanazipeleka Afrika Magharibi zinatumika kama hela. Huku Hamburg pembe zinakatwa zinakuwa vitufe vya piano, vitana na mipira ya biliadi. Halafu 1890 wakaanzisha shirika la meli la Deutsche Ost-Afrika Linie, hapahapa Hamburg, kwa ajili ya koloni lao, yaani sisi.

Niliyasema haya mbele ya kundi nikiwa nimesimama kati ya wale tembo, sikupanga, yalitoka tu. Yule dada alisikiliza mpaka mwisho na hakujitetea, akasema ziara yao inaongelea kahawa na viungo na mazulia yaliyohifadhiwa kwenye maghala lakini haiongelei waliobeba, na kwamba ni kasoro. Ndo lawama yangu kubwa kwa ziara hii, na nimewaandikia kampuni hivyohivyo. Haiwezekani unaonyesha watu bandari tajiri masaa manne, unawatajia matofali ni mangapi na minara ni mita ngapi, halafu mali ilivyofika inabaki "kutoka nchi za mbali". Nchi za mbali zina majina. Tabora ni jina, Ujiji ni jina. Wanafunzi wao wenyewe walishalifikia hili, ile sanamu ya Wissmann, gavana wao wa kikoloni huku kwetu, iliyosimamishwa Dar es Salaam enzi za Mjerumani ililetwa Hamburg baadaye ikawekwa chuo kikuu, na wanafunzi wakaiangusha miaka ya 1967 na 1968. Na Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010. Kwa hiyo msiogope kuomba, ombeni, lango tulilikuta wazi siku ya kazi, wikiendi siwezi kuwahakikishia.

Kutoka pale mnakwenda Speicherstadt, ndo mtaa wa maghala, matofali mekundu ghorofa juu ya ghorofa, mifereji ya maji inapita katikati, juu kabisa ya kila ghala kuna winchi ya kuvutia mizigo kutoka kwenye boti. Lilifunguliwa 1888 na ili lijengwe walihamishwa watu karibu 20,000 waliokuwa wanaishi pale, makuli na mafundi. UNESCO wameliingiza kwenye urithi wa dunia 2015. Ni pazuri mno, nawaambia ukweli, na ukisimama darajani kuna sehemu bado unasikia harufu ya kahawa, Mama ndo alisikia wa kwanza.

Boti ilikuwa ianze saa saba na nusu ikaanza saa nane kasoro, na hapa wengine walinuna lakini sababu ni ya kweli. Mto Elbe pale unapanda na kushuka kwa maji ya bahari, zaidi ya mita 3 kwa siku mara mbili, na bahari yenyewe iko kama kilomita 100 kutoka hapo. Maji yakitoka boti haiingii kwenye mifereji ya maghala, inakwama, na yakijaa sana haipiti chini ya madaraja. Kwa hiyo nahodha anasubiri maji. Sisi tumezaliwa ziwani, ziwa letu halina kupwa na kujaa, kwa hiyo Mama alisimama kwenye gati anaangalia alama ya unyevu ukutani na haamini kwamba mto unaweza kufanya hivyo kila siku. Kabla hamjakata tiketi ulizeni ya saa ngapi inaingia kwenye mifereji, maana kuna saa wanazunguka nje tu bandarini na bei ni ileile.

Boti zao hizo ni ndogo, bapa, za mbao na chuma, zinakaa chini karibu na maji, na zikipishana na meli ya makontena unajiona kama uko kwenye mtumbwi wa Kibirizi. Nahodha ni mzee wa ndevu nyeupe, akatuuliza tunatoka wapi. Nikamwambia Kigoma, mwisho wa reli, na nikamwambia kuna kitu chenu kiko kwetu. Liemba. Meli iliundwa 1913 Papenburg kwa Meyer, jina la kwanza Graf von Goetzen, wakaifungua vipande vipande wakaipaki kwenye masanduku 5,000, ikapita hapahapa bandari ya Hamburg ikapakiwa kwenda Dar, kutoka Dar treni mpaka kwetu, ikaungwa upya na kushushwa ziwani 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili Waingereza na Wabelgiji wasiichukue, injini wamezipaka grisi kwanza, na ndo maana ilipoibuliwa ikafaa, 1927 ikarudi majini na jina la Liemba. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akavaa miwani, akaivuta picha kwa vidole viwili mpaka ikabaki ubavu wa meli tu, akawa anapitisha ukucha kwenye ile mistari ya ribiti, mstari mmoja mmoja. Akasema siku hizi vyuma vinachomelewa, mtu wa kupiga ribiti namna hiyo hampati tena bandari nzima. Akaniomba nimtumie ile picha, nikamtumia.

Mengine kwa haraka. Chakula hakimo kwenye bei. Pale Landungsbrücken, kwenye gati za boti, kuna mikate ya samaki, Mama alikula wa samaki aliyekaangwa akasema unafaa ila ungekuwa na pilipili na ndimu, yule samaki mbichi wa siki alimkataa. Waislamu wenzangu, samaki mko salama ila ulizeni mafuta yaliyokaangia na nini kingine kinakaangwa humo. Ule mkate mtamu wa mdalasini wanaouita Franzbrötchen kuleni kabisa. Kuhusu swala msiwe na wasiwasi, mwezi wa tano adhuhuri inaingia saa saba na kitu na alasiri haiingii mpaka karibu saa kumi na moja na nusu, tulimaliza ziara tukarudi nyumbani na Mama akaswali kwa wakati. Choo hamna kwenye njia ya miguu mpaka mfike bandarini na ni cha kulipia, bebeni sarafu, hili kampuni walirekebishe maana masaa matatu na mzee si mchezo. Mawe ya barabarani kule maghalani yameinuka inuka, viatu vya soli nene.

Na mkibakiwa na nguvu baada ya boti, palepale kuna njia ya chini ya mto ya 1911, mita 426, mnashuka kwa lifti mnatembea bure mnatokea ng'ambo, mji wote mnauona kwa mbele. Goti la Mama lilikuwa limeshagoma, kwa hiyo sisi tulipanda kivuko namba 62, kinatumia tiketi ileile ya basi na treni za mjini, kinakwenda mpaka Finkenwerder na kurudi. Tulikaa juu, Mama akampigia mjomba Ujiji kwa video, mtandao ulikuwa unashika vizuri, akamgeuzia simu aone maji.